Zima sauti kwanza: namna ya kuchambua video ya roki

Uchambuzi mwingi wa video za roki huharibika kwa sababu unaanzia kwenye maana. Mtu anaandika "video hii inahusu uasi" kabla hajahesabu hata shoti moja (kipande cha picha kati ya mkato na mkato). Itazame kwanza bila sauti, kisha usikilize wimbo bila picha, ndipo uviunganishe. Chagua sekunde 30 ambapo ubeti unaingia kwenye kiitikio, uandike kila shoti: imeanza sekunde ya ngapi, ni ya karibu au ya mbali, kamera imetulia au inatikisika, na ala gani inasikika pale picha inapokatwa.

Tuchukue "Smells Like Teen Spirit" ya bendi ya roki ya Nirvana, video ya mwaka 1991 iliyoongozwa na Samuel Bayer. Utanzu, yaani aina ya video, hauhitaji maneno mengi: bendi inapiga mbele ya umati, gitaa na dramu haziondoki machoni, nywele zinaufunika uso wa mwimbaji.

Kwenye masimulizi ndipo wengi hukwama. Wamefundishwa hatua za hadithi za mwananadharia Todorov (utulivu, vurugu, utulivu mpya), basi wanazilazimisha hata pasipo na hatua ya tatu. Hapa tuko kwenye ukumbi wa michezo wa shule, wanafunzi wamekaa kwenye ngazi. Mguu mmoja unafuata mdundo, vichwa vinaanza kutikisika, mwishowe umati unashuka na kuivamia bendi. Utulivu haurudi, na hiyo ndiyo hoja yako. Usiizibe.

Mtafiti wa video za muziki Andrew Goodwin alionyesha mwaka 1992 kwamba picha zinaweza kuonyesha maneno ya wimbo, kuyakuza, au kwenda kinyume nayo. Katika video hii maneno hayasimulii shule. Picha ndizo zimeleta ukumbi na wanafunzi. Kusema "picha zinaonyesha mashairi" ni kosa.

Kwenye usawiri, yaani namna watu wanavyoonyeshwa, jiulize nani anapewa uso na nani anapewa kiungo cha mwili. Wasichana wa kushangilia wamevaa nguo nyeusi zenye alama ya anakia (herufi A ndani ya duara, ishara ya kupinga utawala) kifuani. Alama hiyo inakejeli desturi ya shule, lakini pia inalivuta jicho kifuani. Ukimtaja mwananadharia wa filamu Laura Mulvey na makala yake ya 1975 kuhusu jicho la mwanamume (kamera inayomtazama mwanamke kama kitu cha kutamaniwa), taja na sekunde ya shoti yenyewe; jina lake peke yake halithibitishi kitu. Halafu usimsahau mfanyakazi wa usafi na ufagio wake wa kudekia: ndiye mtu mzima anayecheza.