Mgeni wa dola mia kwa mwaka, na boriti za nyumba ya bibi

Nyumba ya marehemu bibi pale Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale wa Lamu, ndo hii hii naishi na ndo hii hii napangisha vyumba vinne kwa wageni, na kaskazi hii nilipata Mmarekani mmoja mzee wa miaka sabini na kitu, na mkewe, siku nne. Mi huwa siwaulizi wageni kazi zao, nilishaacha zamani, lakini huyu alijitaja mwenyewe asubuhi ya pili akiwa anapangusa unga kwenye kitabu chake.

Huo unga nao una habari yake. Boriti za dari ya kile chumba zinaliwa, na si mchwa, ni wale wadudu wanaotoboa, usiku kukitulia unawasikia kabisa krr krr krr, na kukicha shuka ina kaunga ka manjano kama mtu amekaa juu anapepeta mtama. Nimeomba radhi kwa wageni mpaka maneno yameniishia. Sasa mzee akatazama juu, akauliza kwa nini nisizing'oe hizo boriti zote nikamwaga zege, mambo yakaisha?

Nikamwambia siruhusiwi.

Weee. Akaweka kitabu chini akavuta kiti, mkewe akageuza macho kama anayejua kinachokuja. Kumbe mzee alikuwa mjumbe wa bunge la jimbo lao, New Hampshire, na hakuna kitu anachokipenda duniani kama kuzungumzia mambo mawili: kodi zishuke, na serikali ya juu iache kuwaamrisha watu wa chini kufanya vitu isivyovilipia.

Kwa wasiojua, Marekani kila jimbo lina bunge lake, mbali na lile la Washington tunaloliona kwenye habari. Chukulia MCA, mjumbe wetu wa bunge la kaunti, lakini mwenye meno, anapitisha sheria za jimbo zima, shule, magereza, kodi, kila kitu. New Hampshire ina watu kama milioni 1.4 hivi na baraza lao la chini lina wajumbe 400. Mia nne! Sisi Lamu tuna wadi 10. Mpwa wangu aliyekuwa anatusaidia kutafsiri alidhani amesikia vibaya akamrudisha mzee aseme tena. Afu mshahara ni dola 100 kwa mwaka, umeandikwa kwenye katiba yao tangu 1889 na haujaguswa, yaani kama elfu kumi na tatu za kwetu, kwa mwaka mzima. Mpwa akasema kwa Kiswahili ili mzee asielewe, hio kwetu ni ya chai kikao kikiahirishwa.

Haya, kodi. Mzee anasema kwao mshahara wa mtu hautozwi kodi ya jimbo, na dukani hakuna ile kodi ya mauzo ya kila kitu. Kwenye mapato ya mtu kulikuwa na kodi moja imebaki, ya riba na gawio la hisa, na yeye akiwa bungeni alipiga kura iuawe, na kweli ilikufa tarehe 1 Januari 2025. Alivyokuwa anaisema hio tarehe ungedhani mjukuu wake amefaulu mtihani.

Mi si mtu wa siasa lakini nimeendesha biashara miaka kumi na tisa, najua pesa haipotei, inahama tu chumba. Nikamuuliza basi shule mnalipa na nini? Akakuna shingo. Nyumba, akasema. Kodi ya nyumba na viwanja kwao ni kati ya za juu kabisa Marekani nzima, miji inaishi kwa hio na shule zinaishi kwa hio, na wameshitakiana miaka mingi juu yake, mahakama yao ya juu kabisa ilisema tangu 1997 kwamba jinsi walivyokuwa wanazilipia shule haikuwa halali kikatiba. Na kingine? Na kingine, akasema huku anacheka, vyumba vya wageni na chakula cha hotelini, asilimia 8.5.

Jamani. Yaani mgeni ndo anabebeshwa. Nikamwambia mzee, mi nikiongeza asilimia 8.5 kwenye chumba nyote mtahamia Shela, kijiji cha jirani, kesho asubuhi. Tukacheka sote watatu, mkewe ndo alicheka zaidi.

Kuhusu kushusha kodi hakunishawishi na nitawaambia kwa nini, sababu sisi tulishashushiwa hapa hapa. 2020 corona ilipoingia serikali ilishusha VAT, ile kodi ya kila kitu dukani, kutoka asilimia 16 hadi 14, na ile kodi ya mauzo ya biashara ndogo, tunayolipa watu kama mimi, ikatoka asilimia 3 hadi 1. Asilimia moja ya nini sasa? Ndege hazitui uwanja wa Manda, mji mzima hauna mgeni, vyumba vyangu vinne vimefungwa nimeanika dagaa ndani. Asilimia moja ya sifuri ni sifuri na asilimia tatu ya sifuri pia ni sifuri. Sukari kwa duka la jirani haikushuka hata bob. Januari 2021 VAT ikarudi 16, na 2023 ile yetu ikarudi 3, wageni walipoanza kurudi na yenyewe ikarudi. Kwa hio mtu akija pale uwanjani Mkunguni na spika akiniambia atashusha kodi mi namuuliza lini na kwa nani, basi. Tena wengine wanaahidi vitu ambavyo si vyao, mwaka wa kura nilimsikia mgombea wa wadi akiapa atashusha bei ya petroli, kaunti kikatiba inatoza kodi ya nyumba na ya burudani na ada za huduma, petroli ataishushia wapi?

Na kwa kuwa nimetaja petroli hebu niseme hili maana linaniuma. Kwenye kila lita kuna tozo ya kutengeneza barabara, Julai 2024 ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25, wiki chache tu baada ya vijana kuikataa ile Finance Bill, mswada wa kodi, barabarani na Rais kuiondoa. Sasa sisi huku usafiri wetu ni boti. Mtu anatoka Mokowe bara kuja Amu, mji wetu huu, au anampeleka mgonjwa kutoka kisiwani Faza, anaunguza petroli juu ya maji, analipia lami. Nahodha wangu wa siku zote husema yeye ana barabara yake lakini haijawahi kuchimbika shimo.

Huyo huyo nahodha ndo alimleta mzee kutoka uwanja wa ndege. Nataka muione hii picha kwa sababu nimeicheka wiki nzima. New Hampshire ndo jimbo pekee Marekani ambalo mtu mzima halazimishwi na sheria kufunga mkanda kwenye gari, na mzee anaisimamia hio kwa nguvu zote, mtu mzima ajiamulie, hata namba za magari yao zimeandikwa ishi huru au ufe. Basi siku ile kulikuwa na upepo, mkondo wa Manda umechafuka, nahodha akamrushia ile jaketi ya kuelea ya rangi ya chungwa akamwambia vaa mzee. Mzee akavaa. Akafunga vifungo vyote vitatu, akavikagua, afu akamgeukia mkewe akamkagua na yeye. Sikumkumbusha siku ile kwa sababu sikuwa nimejua msimamo wake, nilimkumbusha jioni ya tatu, akasema aaah ile ni tofauti, nahodha si serikali.

Sawa, nikampa.

Lakini sasa kwenye lile la pili, la amri, hapo mzee alinishika. Akasema kwao mwaka 1984 waliingiza kifungu kwenye katiba ya jimbo kwamba jimbo haliwezi kuubebesha mji kazi mpya, au kuongeza ile ya zamani ikawa na gharama zaidi, mpaka jimbo lenyewe lilipe yote au mji wenyewe upige kura ukubali kuilipia. Amri ije na mfuko wake. Nikakaa kimya kidogo, maana boriti zangu nilikuwa naziona pale juu.

Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na nyumba za mawe kama hii lazima zibaki zilivyo: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko. Vyumba vyetu ni vyembamba na virefu kwa sababu hio hio, boriti ndo inaamua upana, haifiki zaidi ya hapo. Na mi sipingi, msinielewe vibaya, tukimwaga zege sote baada ya miaka kumi huyu mzee atakuja kuona nini, Kongowea ya Mombasa? Amri ni nzuri. Shida yangu ni kwamba faida ni ya mji mzima, ya mwenye boti, ya mwenye mkahawa, ya kaunti, ila fundi wa chokaa ananidai mimi peke yangu.

Afu ikaja Februari 2018, amri nyingine kutoka Nairobi, marufuku kukata miti kwenye misitu ya serikali kwa siku 90, na mikoko yetu ikaingia humo, siku 90 zikazaa nyingine. Wakataji wa mikoko wa visiwani wakakaa bila kazi. Na mi dari inalegea. Amri hii inasema jenga kwa boriti, amri ile inasema boriti zisikatwe, nikaandikia ofisi moja barua nikajibiwa nivute subira, masika ikaingia maji yakapita mpaka kwenye godoro. Mikoko wakaja kuilegezea baadaye, lakini mi nilikuwa nimeshaweka mti wa mvinje katikati ya chumba kushikilia dari, na wageni wakawa wanatundikia taulo. Kuna mmoja aliupiga picha akadhani ni mapambo ya Kiswahili.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Nikamwambia sasa niambie ukweli, kile kifungu chenu cha 1984 kingenilinda mimi?

Hakujibu mara moja. Akasema hapana. Kinaulinda mji usionewe na jimbo, hakimlindi mwenye nyumba asionewe na mji, na hilo walibishana sana na hawakulimaliza. Nikamwambia basi tuko sawa, maana hata katiba yetu ya 2010, kifungu cha 187, inasema kazi ikihamishwa kutoka serikali moja kwenda nyingine na pesa zake ziifuate, hio ni kati ya Nairobi na kaunti, na hata kaunti kila mwaka zinalia pesa hazijafika. Ikifika mlangoni kwangu hakuna kifungu.

Mkewe akasema, na hilo ndo neno pekee alilolisema juu ya siasa siku zote nne, kwamba hata kwao paa la nyumba yao ya zamani alilipia yeye.

Siku ya kuondoka bili yao ilikuwa 18,000, siku nne kwa 4,500. Mzee akahesabu, akatoa simu akapiga hesabu, akaweka na 1,530 juu. Nikamuuliza hii ya nini, akasema ni ile 8.5 ya kwao, asije akasema mtu amekwepa kodi. Sikumkatalia. Jioni nikampa fundi zote zilivyo, akaniuliza Bi mkubwa hizi ni malipo ya nini, nikamwambia ni kodi ya Marekani hio, akazihesabu mara mbili akasema hazifiki boriti nne.