Iafoni zilizomfukuza mwimbaji

Kimashine changu cha MP3 ninacho miaka mingi. Gigabaiti 4, hakina Bluetooth, na mpwa wangu hukicheka kila akikiona. Iafoni za kimashine zilipokufa sikio la kushoto, mpwa wangu alikuwa na ushauri tayari: "Mjomba, nunua za Bluetooth tu." Nikamuuliza, zitaongea na nini? Kimya. Jirani naye akaniazima hedifoni kubwa za studio, zimeandikwa ohm 250, yaani ukinzani mkubwa wa umeme. Ukizivaa wafanana na rubani, lakini sauti ilikuwa ya mbu aliye chumba cha pili, hata nikipandisha mpaka mwisho. Kimashine kidogo hakina nguvu za kusukuma dude kama lile. Siku hizi nikiona ohm 16 au 32 kwenye pakiti ndipo natia mkono mfukoni.

Basi nikaenda Mwembe Tayari, hapa Mombasa. Wachuuzi wamejaa za Type-C, maana tangu iPhone 7 ya mwaka 2016 itoke bila tundu la duara, simu nyingi zimefuata. Mmoja akanichomolea za plagi ya milimita 3.5, zenye maiki na kitufe cha kupokelea simu. "Twaa hizi ami, orijino." Mia na hamsini. Sikuzijaribu, nilikuwa nawahi feri.

Kwenye feri nikaweka taarab. Fidla zalia, kinanda chatiririka, dumbaki lajibu, mwimbaji hayupo. Nikangoja aingie. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, kwa mbali kama mtu aimbaye ndani ya mtungi. Nikahamia wimbo mwingine, vivyo hivyo. Nikahamia zile nilizozitoa kwenye kaseti za mama, za zamani, sauti ya njia moja, kulia na kushoto sawa. Hapo hata fidla hakuna, mvumo wa kaseti tu, shhh. Wallahi nilihuzunika, nikajua kimashine chakata roho.

Katika kuhangaika nikabinya kile kitufe. Mwimbaji huyo! Kaingia katikati ya ubeti kama mtu aliyefungiwa nje. Nikaachia, katoka. Nikabinya, kaingia. Wiki nzima nilivuka Likoni hivyo, vidole viwili kooni, mpaka mama mmoja mwenye kapu la samaki akaniuliza, "Mwanangu, wajikaba nini?" Nikajaribu kukifunga kitufe kwa uzi, ukateleza. Nikakibana kwa kibanio cha nguo. Kibanio kilifaulu, nilijiona mhandisi, ila uzito wake ulizivuta iafoni zikadondoka kila nikiinama.

Fundi mmoja wa redio kule Majengo alicheka kwanza, kisha akanifumbua macho. Plagi ya iafoni zenye maiki ina mistari mitatu myeusi, ya kusikilizia tu ina miwili. Ndani ya tundu la kimashine changu, ethi, yaani waya wa pamoja wa masikio yote mawili, iligusa pete ya maiki badala ya pete yake. Mwimbaji hurekodiwa sawasawa kulia na kushoto, na ethi ikikosekana vilivyo sawa hufutana, hubaki vinavyotofautiana tu. Kitufe kikibinywa huunganisha maiki na ethi, ndiyo maana mwimbaji alikuwa akirudi. Si mashine zote zenye tabia hii.

Akapekua kopo lake, akanitolea za mistari miwili. Mia tatu na kitu, akanipunguzia kidogo kwa kuwa pakiti ilikuwa imeliwa na jua. Safari hii nilizijaribu palepale, na wimbo wa kwanza kuujaribu ulikuwa wa kaseti ya mama: ukiimba huo, zote zitaimba. Vipira vya masikio vilikuwa saizi tatu. Vidogo vilipoteza besi yote. Vya kati viliirudisha, na injini ya feri ikapungua makelele kiasi kwamba sasa sauti naweka nusu tu. Pale shingoni mwa plagi, palipoziua zile za kwanza kwa kukunjwa mfukoni, nimepazungushia utepe wa umeme.

Zile za mia na hamsini nikampa mpwa wangu. Kazichomeka kwenye simu yake, mwimbaji yumo tangu ubeti wa kwanza. "Mjomba, mbona hizi nzima?" Nikamwambia achukue na kibanio.