Kutoka Olympia hadi Christchurch
Michezo ya kale ya Olympia, huko Ugiriki, ambayo kwa desturi huhesabiwa tangu mwaka 776 KK, ilianza na mbio moja tu. Lakini ninapoikumbuka historia ya mashindano ya mataifa, moyo wangu huenda Christchurch, mji wa New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1974. Huko Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2, huku John Walker wa New Zealand akimfuata kwa karibu na Ben Jipcho wa Kenya akimaliza wa tatu. Mwaka 1976 Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na bado New Zealand iliruhusiwa kushiriki Olimpiki hiyo. Walker akatwaa dhahabu ya mita 1,500 bila Bayi uwanjani. Naamini uamuzi ule ulikuwa wa haki, na bado nasikitika kwa ajili ya Bayi.