Nilivyoifikia kompyuta ya duka la mjomba Tanga nikiwa Dar

Mjomba wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Tanga, na mahesabu yake nayaweka mimi niliye Dar. Miaka miwili tulitumiana faili kwa WhatsApp: yeye anaandika, mimi nasahihisha, yeye kesho anafungua lile la zamani. Mwezi ukiisha tuna mafaili matano ya jina moja, na mifuko 40 ya saruji haijulikani imekwenda wapi.

Idd nilipokwenda kuwasalimia, nikaikalia ile kompyuta ya dukani. Inatumia Ubuntu 22.04, aina ya Linux. Nilitaka xrdp, programu inayokuwezesha kuitumia kompyuta ukiwa mbali. Kusakinisha kwenyewe dakika tano tu: `sudo apt install xrdp`, kisha `sudo adduser xrdp ssl-cert` ili isome cheti chake, basi. Kwenye laptop yangu nina Remmina, programu ya kuingilia kompyuta ya mbali. Nikaandika anwani, jina na nywila, nikabonyeza. Skrini nyeusi tii. Sekunde chache, ikanitupa nje.

Nilihangaika nayo mpaka usiku, na sababu ikaja kuwa ya kutia aibu: mjomba alikuwa ameingia kwa akaunti hiyohiyo, pale pale kaunta. Kwa kawaida xrdp haikuonyeshi kile anachokiona aliyekaa mbele ya kompyuta. Inakufungulia kikao kipya, na GNOME, yaani mazingira ya skrini ya Ubuntu, haikubali akaunti moja iwe na vikao viwili. Angetoka yeye, ningeingia mimi. Sasa nimwambie mjomba aache kuuza? Nikajifungulia akaunti yangu, nikasakinisha xfce4, mazingira mengine ya skrini, kwa kuwa ni nyepesi, nikaandika mstari mmoja, `xfce4-session`, ndani ya `~/.xsession`. Ikafunguka. Faili la mahesabu tukalihamishia kwenye folda tunayoshirikiana.

Hiyo ni kwa Wi-Fi ya dukani. Kutoka Dar je? Ruta yao inatumia laini ya simu, na nilipofungua ukurasa wake nikakuta anwani inayoanza na 100.78. Nikachoka. Anwani za 100.64 hadi 100.127 ni za ndani ya mtandao wa simu. Wateja wengi wanatokea nje kwa anwani moja, kwa hiyo hata ukifungua poti (mlango wa mtandao) kwenye ruta, anayebisha hodi kutoka nje hafiki mlangoni. Na hata angefika, mimi siwezi kuiacha poti 3389, ile ya xrdp, wazi kwa dunia nzima. Kuna programu zinazokesha zikibahatisha nywila za watu.

Nikageuza: kompyuta ya duka ndiyo itoke nje yenyewe. Nina seva ndogo ya kukodi, na ssh hupitisha mawasiliano kati ya kompyuta mbili kwa usimbaji, kama ndani ya bomba. Basi ili poti 3390 ya seva ielekee xrdp ya duka, dukani nikaweka

`ssh -N -R 3390:localhost:3389 mimi@seva`

na mimi nikiwa Dar, ili laptop yangu ifike kwenye poti hiyo ya seva, naandika

`ssh -N -L 3389:localhost:3390 mimi@seva`

kisha Remmina naielekeza `localhost`. Ile ya dukani nikaifanya huduma ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, ikikatika ijirudie.

Wiki ya kwanza ikanisumbua. Bando likiisha na kurudi, ssh inaunganika vizuri lakini mimi siingii. Kumbe seva ilidhani muunganisho wa zamani bado u hai na imeikumbatia poti 3390, huku ssh mpya ikikaa kimya kana kwamba mambo ni shwari. Dawa ni `ExitOnForwardFailure=yes` (ikishindwa kupata poti, ssh itoke) na `ServerAliveInterval=30` (iulize kila sekunde 30 kama seva ipo) upande wa duka, na `ClientAliveInterval` kwenye seva ili iachilie waliokwisha kufa.

Siku nyingine kimya kabisa. Nikapiga simu.

"Shikamoo mjomba. Kompyuta imelala, hebu itikise hiyo kipanya."

"Marahaba mjomba. Panya? Dukani kwangu hakuna panya."

Aliposhika mausi, kompyuta ikaamka, na siku hiyohiyo nikaizuia isilale tena: `sudo systemctl mask sleep.target suspend.target`. LUKU ikiisha je? Hilo nililimaliza kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, nilipokwenda tena: umeme ukirudi, ijiwashe bila kubonyezwa.

Jana saa nne usiku niliingia nifunge mwezi. LibreOffice, tunayofanyia mahesabu, ikanigomea: faili linatumiwa na mjomba, siwezi kulihariri. Alikuwa amekwenda zake nyumbani na kuliacha wazi. Nikalifungua kwa kusoma tu, nikashuka mpaka mstari wa saruji. Imetimia.