Siku yangu na funza wa chini ya ukoka

Saa 12:30 asubuhi. Septemba hapa Columbus, Ohio, kaubaridi kameanza kuuma. Kazi yangu ni kutunza ukoka wa majumbani kwa watu. Napakia garini mashine ya kumwagia dawa ya punje, koleo, kisu cha mkate (usinicheke, ndicho kinachokata ukoka vizuri) na kiboksi cha barafu chenye nematodi, vijinyoo visivyoonekana kwa macho, vinavyoua funza. Vimelala frijini kwetu, rafu moja na maandazi. Mke wangu hajalizoea jambo hili.

Saa 2:00. Mzee wa nyumba ya kwanza ana ukoka wenye mabaka ya kahawia, na hukumu ameshatoa: funza, weka dawa. Nauvuta, umeng'ang'ania. Nakata futi moja ya mraba, nafunua: funza watatu tu. Hiyo ni kiu. Namwambia afungulie maji, naondoka bila kulipwa. Wenzangu wengi wangemwaga dawa tu.

Saa 4:15. Hapa hata kuuliza sina haja. Rakuni, wanyama wa usiku wanaopenda funza, wamefukua usiku kucha utadhani wanatafuta hela iliyozikwa. Ukoka unakunjika kama mkeka, mizizi imeliwa yote. Nahesabu kwenye futi moja ya mraba: 17. Sisi huanza kuingiwa na wasiwasi wakifika 10. Weupe, wamejipinda kama herufi C, kichwa cha kahawia, matako meusi kwa udongo waliomeza. Nambinua mmoja chini ya lenzi: vinyweleo vya nyuma vimejipanga kama V. Mtoto wa mbawakawa wa Japani huyo, mdudu aliyegunduliwa Marekani mwaka 1916, kule New Jersey.

Mama mwenye nyumba ananionyesha mfuko wa dawa ya kinga, kaununua jana. Kachelewa. Mbawakawa hutaga kiangazi, Julai hasa, na dawa ya kinga inapaswa kuwa ardhini kuwasubiri funza wakiwa wachanga. Hawa wameshanenepa. Namwaga triklorfoni, dawa inayoua ndani ya siku chache na kuisha nguvu upesi, kisha maji mengi papo hapo. Dawa ikibaki juu ya majani, funza hana habari nayo.

Saa 6:00 mchana. Nampigia mama, kwetu Muheza, Tanzania, ni saa 1:00 usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo unafanya nini?"

Namweleza.

"Funza wanono hivyo mnawapa sumu? Kuku wenu wako wapi?"

Sikuwa na jibu la maana.

Mchana wote ni kukata nyasi, hakuna la kusimulia.

Saa 12:45 jioni. Nyumba ya mwisho ina watoto na mbwa, sumu hawaitaki. Nematodi hawavumilii jua, ndiyo maana nimengoja lipungue makali. Nalowesha ardhi, nachanganya, napuliza huku natikisa tangi wasizame chini, nalowesha tena.

Saa 3:00 usiku, nyumbani. Narudisha pakiti iliyobaki frijini. Maandazi yamehamishwa rafu, na mke wangu ameshabandika karatasi: SI CHAKULA.