Siku moja mwambani, na boti iliyotia nanga mbele yetu

Jioni watu hupita ufukweni Kunduchi wakanikuta nimekaa juu ya ngalawa nafunga ndoana, na wengi huondoka wakisema kazi ya mshipi, yaani kuvua kwa uzi na ndoana, ni ya kukaa na kusubiri. Mgeni mmoja aliwahi kuniuliza kama huwa nalala kule baharini. Sikumjibu vizuri, nilikuwa nimechoka. Basi naandika hapa siku yangu ya Jumamosi iliyopita kama ilivyokwenda, ili anayeuliza ajue kwamba kuvuta samaki ni sehemu ndogo ya kazi hii. Sehemu kubwa ni kuishi na wenzako juu ya mwamba mmoja.

Saa 9:30 usiku

Chai ya rangi, mihogo ya jana, swala fupi, na ndoo ya chambo begani. Chambo ni ngisi na vibua wadogo, shilingi 15,000, nilinunua jioni yake.

Saa 10:30 alfajiri

Mtoto wa marehemu kaka yangu alikuwa ameshafika, anakumba ngama, maji yaliyoingia chomboni, kwa kopo. Ana miaka 19, ananiita baba mdogo, na huu ni mwaka wake wa pili chomboni. Ngalawa ilikuwa ya baba yake.

Mwezi ulikuwa umefikia siku ya nane, kwa hiyo ni maji mafu: hayajai sana, hayapwi sana. Sisi wa mshipi siku hizi ndizo tunazozipenda. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo huvuta mpaka chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, haigusi chini, unabaki kuosha chambo. Tukasukuma ngalawa, tukapandisha tanga, na umande wa bara, yaani upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, ukatutoa taratibu. Kisiwa cha Mbudya tukakipita kwa mbali. Pale ni hifadhi tangu 1975, hapavuliwi, nasi hatuweki nanga hata kama samaki wanaruka.

Saa 12 asubuhi

Hapa nieleze kidogo, maana ndiyo roho ya kazi. Chini ya bahari mwamba hauonekani. Sisi tusio na vyombo vya kisasa tunaupata kwa alama za nchi kavu. Unachukua vitu viwili vinavyokaa kwenye mstari mmoja, mfano kilima cha Wazo juu ya kitu fulani cha ufukweni, kisha unatafuta mstari mwingine upande mwingine. Pale mistari inapokatana, chini yako pana mwamba. Alama ya kwanza ya mwamba wetu ni hiyo ya Wazo, karibu kila mtu wa diko letu, pale tunapoegesha vyombo na kuuza samaki, anaijua. Ya pili aliipata baba yangu, akampa kaka, kaka akanipa mimi wakati anaumwa. Sitaiandika hapa. Hata huyu kijana sikuwa nimempa. Mtu hupewa alama baada ya kuonekana anavyokaa na jirani baharini. Akipewa kabla, huwaletea watu ugomvi mwambani.

Zamani watu hawakubanana hivi. Baruti ilipigwa marufuku mwaka 1970 lakini iliendelea kupigwa kwa miaka na miaka, na miamba mingi ya karibu ikageuka kifusi. Hiyo michache iliyobaki hai ndiyo tunayoigombania wote.

Tulipoikaribia alama tukakuta mzee mmoja wa diko letu ameshatia nanga. Aliyetangulia ndiye mwenye mahali kwa siku hiyo, hata kama alama ni ya babu yako. Kwa hiyo nikashusha tanga mapema, tukaingia kwa kafi, pole pole, bila kugonga ubao. Samaki anasikia. Nilipofika umbali wa sauti nikasema, "Shikamoo mzee. Hodi hapo."

"Marahaba. Karibu. Kaa ubavuni, mkono huu," akaonyesha kwa kidevu, kwa kuwa mikono ilikuwa na mshipi.

Ubavuni, yaani usikae mbele yake wala nyuma yake. Ukikaa mbele, kule mkondo unakotoka, mishipi yako inapelekwa chini ya chombo chake na samaki wanaopandia harufu ya chambo unawakatia njia. Ukikaa nyuma yake unakula chambo anachotupa yeye, na hilo kwetu ni wizi hata kama hakuna polisi wa kukukamata. Halafu kuna umbali. Pale kina ni kama pima 15 (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), amari, yaani kamba ya nanga, unaiachia pima 30, na chombo kinaweza kuizunguka nanga yake kwa karibu urefu huo wote. Lazima ufikirie duara lako na duara la mwenzako, kwa sasa na kwa saa maji yatakapogeuka. Nanga nayo inatafutiwa mchanga kandokando. Ukiitupa juu ya matumbawe unavunja nyumba ya samaki unaowataka kesho.

Tukakaa ubavuni. Mzee akauliza kama chambo kinatutosha, nikamwambia kinatosha, na maneno yakaisha.

Saa 1 mpaka saa 3

Changu tisa, chewa mmoja wa kilo tatu hivi, na mtai mpya kwenye kidole cha shahada.

Saa 3 na robo

Tulianza kuwasikia kabla ya kuwaona. Boti ya faiba, mashine kubwa, vijana watano, si wa diko letu. Walikuja kwa kasi ileile ya njiani mpaka karibu yetu, ndipo wakapunguza. Wimbi lao likatupiga ubavu mpaka tengo moja, zile mbao za kando zinazoizuia ngalawa isipinduke, likazama na lingine likanyanyuka. Mishipi yote miwili, wangu na wa kijana, ikalegea mikononi. Chini kukawa kimya. Ukiwa umeshika mshipi unakijua kimya hicho: zile punje ndogo za kudonoa zinakatika zote kwa pamoja.

Nahodha wao alikuwa anatazama kioo chake, kile kifaa cha kuonyesha kina na samaki. Akaona alichokiona, akaamuru nanga. Ikatupwa mbele yetu kabisa, upande wa bahari kuu, nao wakarudi na amari mpaka mkia wa boti yao ukafika karibu na omo yetu, mbele ya ngalawa. Bila salamu. Mzee akawatazama, akaendelea kufunga ndoana.

Nikasema, "Asalaam alaykum, nahodha."

Akaitikia.

"Mko mbele yetu. Sogeeni ubavuni, nafasi ipo upande wa kusini. Maji yakigeuka tutawapanda."

Akasema, "Mzee wangu, bahari ya Mungu hii."

Nikamwambia, "Ya Mungu, ndiyo. Ndiyo maana tumeombana hodi wote tuliopo hapa."

Wenzake wakacheka. Hawakusogea. Nilichoumia zaidi kilikuwa kioo kile. Najua siku hizi kuna jipiesi, kifaa cha kuhifadhi mahali ulipo. Kidole kikibonyeza mara moja, mahali alipopatafuta baba yangu kwa miaka, kwa kuzama na kupima kwa kamba, panakuwa pao kesho na keshokutwa. Sikatai vyombo vya kisasa, na ningekuwa na uwezo ningenunua. Lakini chombo kile kinamwonyesha mwamba, hakimwonyeshi jirani.

Saa 4 maji yakasimama. Nilikuwa nahesabu, maana nilijua kitakachotokea. Yakijaa, mkondo huvuta kwenda bara, na upepo wa kaskazi nao unasukuma kwenda bara, kwa hiyo vyombo vyote vinalala upande mmoja. Yakianza kupwa, mkondo unageuka kwenda baharini lakini upepo haugeuki. Ngalawa imekaa ndani ya maji, inafuata maji. Faiba ni nyepesi na ina ubavu mrefu, inafuata upepo. Basi sisi na mzee tukaanza kuzunguka kwa pamoja kama tulivyopanga, na wao wakabaki palepale, njiani mwetu.

Na wakati huohuo kijana akapigwa.

Mshipi ulimtoka mkononi kama umeungua. Akaukanyaga, akaushika, akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba mdogo, mkubwa." Mzee kule alishaona, akavuta mishipi yake yote juu haraka na kuiweka ndani. Ndivyo tunavyofanyiana: mwenzako akipata samaki mkubwa, unamwachia maji. Unapoteza dakika kumi zako leo, kesho atapoteza zake. Nikavuta na mimi wangu. Nikawapigia kelele wale wa faiba, "Toeni mishipi! Toeni!" Wawili wakatoa. Watatu wakadhani ni zamu yao kupata, wakazidi kushusha.

Sijui ilichukua muda gani. Nakumbuka samaki aliingia chini ya faiba, akazunguka amari yao, akatoka na mishipi yao mitatu. Nakumbuka tengo letu likigusa ubavu wao, kwa sauti ile ya mti ukisugua faiba ambayo mpaka sasa naisikia. Nakumbuka mshipi wa kijana ukitetemeka, kisha ukawa mzito bila uhai, na alipouvuta ukaja mchanganyiko wa nailoni nne kama kiota, na ndoana yetu imenyooka. Kolekole, nadhani, kwa alivyokimbia. Hatukumwona hata mgongo.

Kijana akasimama. Mishipi ya wale ilikuwa imejivuta juu ya tengo letu, imekaza, na kisu cha chambo kilikuwa mkononi mwake. Ilikuwa kazi ya kupitisha mara moja tu. Nailoni ile, ndoana na chubwi si bei ndogo, na uso wake ulikuwa uso wa kaka yangu akikasirika. Wale vijana wakanyamaza. Hata mimi nilitaka akate. Nasema kweli, nilitaka.

Nikamwambia, "Weka."

Hakunitazama. Alikaa na kisu kama pumzi tatu hivi. Kisha akakichomeka kwenye ubao wa tezi, nyuma ya chombo, akakaa chini, akavuta kile kiota mapajani mwake na kuanza kutatua.

Kutatua mshipi wa mtu mwingine ni kazi inayochosha kuliko kuvuta samaki. Huanzi na fundo unaloliona kubwa. Unatafuta ncha, unailowesha kwa maji ya bahari isiume nyingine, unairudisha ilikopita, chini, juu, chini, ukilegeza badala ya kuvuta. Ukivuta unafunga. Jua lilikuwa limeshapanda, hakuna kivuli, na chumvi ilikuwa inamwingia kwenye vidole vilivyochanika. Nilishika mkia wa boti yao kwa mkono mmoja ili tusiendelee kugongana, kafi kwa mkono mwingine, na bega langu la kushoto, lile bovu, lilikuwa linalia. Alipotoa wa kwanza akaukunja vizuri, akamrushia mwenyewe. Wa pili vilevile. Wa tatu ulikuwa wa nahodha. Nahodha aliupokea, akautazama, akasema "asante" chini chini.

Wakang'oa nanga. Safari hii walitoka kwa mwendo mdogo mpaka wakafika mbali, ndipo wakafungua mashine. Walikwenda kutia nanga kusini, ubavuni, mbali kuliko hata nilivyowaambia. Mzee akatupigia mluzi, akarusha ngisi wawili wakaanguka ndani ya ngalawa yetu, kwa kuwa chambo chetu kilikuwa kimekanyagwa chote kwenye ile purukushani.

Baada ya hapo

Tulivua tena, changu sita, wawili wadogo tukawarudisha. Sina mengi ya kusema. Mkono ulikuwa umeshakufa ganzi, nikawa nabadilisha kulia na kushoto. Kaskazi ilipopata nguvu tukapandisha tanga kurudi. Kijana alishika usukani njia nzima hakusema neno, nami sikumsemesha.

Diko lilikuwa na watu. Mchuuzi akaanza kusema samaki wa mshipi na wa nyavu ni bei moja. Nikamfungua changu mmoja shavu akaona wekundu wake, tukaelewana. Kilo 14 kwa 9,000, shilingi 126,000. Toa chambo na ushuru, zikabaki 105,000. Mafungu matatu sawa: la chombo, langu, la kijana. Fungu la chombo analipeleka mwenyewe kwa mama yake kila siku, mkononi. Changu mmoja nilimtenga kabla ya mzani, nikampelekea mzee wa ngisi nyumbani kwake.

Usiku

Nilikuwa nimeshalala kwenye mkeka, bega limepakwa mafuta ya karafuu, kijana akaja kubisha. Alikuja na ile ndoana iliyonyooka. Aliuliza kama inafaa kukunjwa tena. Nikamwambia haifai, chuma kikishanyooka kimechoka, itupe mbali na watoto. Hakuondoka. Alikaa kwenye kizingiti anajitazama vidole.

Nikamwita tukatoka nje, pale mbele ya mlango penye mchanga. Mbalamwezi ilikuwa nusu, inatosha. Nikachora ufukwe kwa kidole. Nikachora Wazo, na mstari wake. Kisha nikachora ile nyingine.

Aliinama muda mrefu. Akauliza swali moja tu, la maana, kuhusu siku za ukungu. Nikamjibu. Akarudia yote kwa kidole chake juu ya kidole changu, mstari kwa mstari, na alipofika pale inapokatana akabonyeza. Kisha akaifuta mwenyewe kwa kiganja, mpaka mchanga ukawa sawa.