Gari lilipanda Kimara kabla ya mvua

Katika masika ya 2018 niliua injini kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa narudi nyumbani Kigogo, Dar es Salaam, maji yamekatiza barabara, gari la mbele likapita, nami nikafuata. Katikati langu likazima. Kuingia kwenye yale maji kulikuwa kosa, lakini kosa lililonigharimu ni kupiga stata. Nilipiga mara mbili. Ya tatu ukatoka mlio mmoja mzito, kimya. Fundi alipofungua injini alinionyesha konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, imepinda. Hewa inabanika ndani ya silinda, alisema, maji hayabaniki. Yakishavutwa kupitia ea klina, yaani kichujio cha hewa, pistoni ikipanda inakuta mwamba, na chuma ndicho kinachopinda. Nilikuwa na bima ndogo, ile isiyolipia gari lako mwenyewe, kwa hiyo kila shilingi ilitoka mfukoni mwangu.

Kwa sababu hiyo, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipoanza kutangaza Kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei 2024, sikutaka kusubiri nione. Mtaani wengi walisema Dar haijui vimbunga. Mimi nilikumbuka habari za Lindi kupigwa mwaka 1952, na zaidi ya hapo nilijua bonde letu la mto Msimbazi limeshashiba mvua za Aprili. Kwetu haihitaji kimbunga. Mvua ya usiku mmoja inatosha kuleta mto uani.

Nikampigia shangazi yangu wa Kimara, maana kule ni mlimani.

"Shikamoo shangazi. Naomba nilete gari lilale kwako siku tatu nne."

"Marahaba mwanangu. Lete, ila usiliweke chini ya mwembe, na ule ukuta wa nyuma siuamini."

Ushauri huo ulikuwa wa thamani kuliko turubai. Mlimani maji hayakai, lakini matawi yanakatika na kuta zilizolowa zinaanguka. Ijumaa tarehe 3, asubuhi, nilijaza mafuta, nikalipiga gari picha pande zote pamoja na dashibodi, nikatoa kadi ya gari na karatasi za bima nikazifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kwa shangazi nilipaki katikati ya uwanja, nikavuta hendibreki, nikaweka mawe nyuma ya matairi. Nikarudi kwa basi la mwendokasi hadi kituo cha Kagera, kisha bodaboda. Ningengoja Jumamosi, nisingekuwa na uhakika wa njia.

Kilichobaki kunisumbua ni Noah ya jirani yangu. Giaboksi yake ilikuwa imekufa, haiwezi kwenda popote. Jioni ile tulikusanyika vijana sita tukaisukuma hadi sehemu iliyoinuka kidogo karibu na barabara, tukafungua terminali ya hasi ya betri ili maji yakifika kwenye nyaya yasikute umeme. Hatukuinyanyua juu ya tofali. Nimewahi kuona gari likiteleza kwenye tofali zilizolowa, na chini ya gari kunaweza kuwa na mtoto.

Hidaya ilipoteza nguvu Jumamosi ilipofika upande wa Mafia. Waliotaabika zaidi ni wenzetu wa kusini. Barabara ya Lindi ilikatika kule Somanga. Kwetu upepo haukuwa ule tuliouogopa, ila maji yaliingia. Ndani ya Noah yalifika juu kidogo ya sakafu, maji ya tope yenye harufu ya vyoo.

Yalipopungua nilimkuta jirani ameshika funguo, na betri ameshairudisha.

"Kaka, subiri. Nakuomba usiwashe. Hata kuangalia tu taa, usizungushe ufunguo."

Alinitazama kama ninamzuia kumjulia hali mgonjwa wake. Nikamwelekeza: tukafungua tena betri, tukavuta kijiti cha oili. Oili ilikuwa safi, nyeusi yake ya kawaida. Ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, ningejua maji yameshaingia. Ea klina ilikuwa kavu. Hata hivyo fundi alitoa plagi zote, akazungusha injini kwa spana taratibu, akamwaga oili ya injini akaweka mpya, kisha ndipo ilipowashwa. Ikawaka. Giaboksi ni habari nyingine, ilikuwa inasubiri pesa tangu zamani.

Langu nililichukua Jumatano, kavu. Mwaka huo nilihamia bima kubwa, na kabla ya kulipa nilimwomba wakala anionyeshe kwenye karatasi mahali palipoandikwa mafuriko. Maneno ya mdomo niliyakataa.

Kazi ndefu ilikuwa ndani ya Noah. Kapeti ukiligusa kwa juu unadhani limekauka, kumbe sponji iliyo chini yake imeshika maji, na chini ya viti kuna soketi za nyaya zinazoanza kuota kutu kimyakimya. Tuling'oa viti vyote, tukasuuza tope kwa maji safi, tukaanika sponji juu ya bati. Ilichukua siku tisa za jua.